Matela ya mpira: safari yake kutoka Kasongo ya 1893 hadi soko la Salamabila

SALAMABILA – Familia inayorudi kijijini kiisha kuhama hununua kwanza sufuria, ndoo, halafu matela. Sufuria mtu huigonga kwa kidole akasikiliza sauti yake. Ndoo huijaza maji aone kama inavuja. Matela imekwisha kushonwa. Kilicho ndani hakionekani, na muuzaji mwenyewe pengine hajapata kukiona, maana mzigo umemfikia umefungwa kwa plastiki, umepita Uvira, Baraka, Fizi na Lulimba juu ya lori, ama umetoka Kalemie. Mama anauliza: “Papa, hii ndani ni nini?” Papa anajibu: “Mama, hii ni mpira wa kweli, inadumu.” Mama analipa.

Neno hilo “mpira” lina historia ndefu katika Maniema, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu waliouziwa ao kunyang’anywa kitu bila kuambiwa ukweli wake. Matela yenyewe nayo ina historia yake hapa, na inaanzia Kasongo.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dola Huru la Kongo, wakiongozwa na Mbelgiji Dhanis, waliingia Kasongo. Mji ulikuwa mikononi mwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Baba yake alikuwa ameondoka kurudi Zanzibar miaka michache mbele ya hapo. Nyangwe ilikuwa imeanguka mwezi wa tatu wa mwaka uleule. Pamoja na Dhanis alikuwako daktari Mwingereza, Sidney Hinde, ambaye kunako 1897 alichapisha kitabu juu ya vita hiyo. Daktari huyo alishangazwa na utajiri wa Kasongo: bustani za machungwa, maghala ya mchele na mahindi, sukari, kahawa. Na alishangazwa na vitanda. Anaeleza kwamba hata askari wa kawaida walijikuta wanalala kwenye vitanda vya kuchongwa, juu ya magodoro ya hariri, chini ya vyandarua.

Maelezo hayo yanastahili kusomwa taratibu. Mwandishi alikuwa upande wa washindi, na mali anayoisifu ilikuwa ya kuporwa, tena iliyokusanywa kwanza na wafanyabiashara wa pembe na watumwa. Hata hivyo yanaonyesha jambo moja: mwisho wa karne ya 19, matela nzuri ilikuwa Maniema. Ilifika kwa njia ya msafara kutoka pwani, kupitia Tabora na Ujiji, juu ya vichwa vya wapagazi. Kwa sehemu kubwa ya wakaaji wengine, kulala kulikuwa juu ya mkeka, ngozi, ao kitanda cha miti chenye nyasi kavu.

Neno lenyewe lilifanya safari ya ajabu. Waswahili wa pwani husema godoro. Huku watu husema matela, na wengi wanaamini ni Kifaransa kitupu. Wafaransa walilichukua kwa Waitaliani, na Waitaliani kwa Waarabu: *matrah*, mahali ambapo kitu kinatupwa chini, yaani pale mtu alipotandika mto na zulia akalala. Kwa hiyo Mbelgiji alipoleta “matelas” Kasongo, alikuwa analeta neno la Kiarabu katika mji uliokuwa umejaa wasomaji wa Kiarabu.

Kitambaa cha matela za zamani kilikuwa cha hariri ao pamba. Ndani mlikuwa na pamba, ao sufi ya mti wa msufi, na huko pwani usumba wa nazi. Matela ya namna hiyo ilikuwa na faida moja ambayo ya kiwanda haina. Fundi aliijaza mbele ya mwenye kuinunua. Kama pamba ilikuwa chafu ao pungufu, ilionekana. Ikichoka baada ya miaka, ilifunguliwa, ikaanikwa juani, ikapigwa kwa fimbo, ikajazwa tena. Hakuna aliyehitaji kumwandikia mtengenezaji barua, alikuwa jirani.

Kisha ukaja mpira.

Mpira wa kwanza wa Kongo haukuwa wa mashamba. Ulitoka kwenye mitambaa ya porini, jamii ya Landolphia, inayopanda juu ya miti mikubwa. Mtu aliikata, maziwa yake meupe yakatoka, na maziwa hayo ndiyo yanayoitwa latex. Wengi waliyaacha yagandie juu ya mikono na kifua, halafu wakayabandua pamoja na nywele. Serikali ya mfalme Leopold wa Pili ilijitangaza kuwa mwenye pori na mazao yake, ikadai mpira kama kodi. Katika mwaka wa 1901 Kongo ilipeleka nje karibu tani 6,000. Ukatili uliojulikana zaidi duniani uliandikwa juu ya upande wa Équateur na Mongala, ambako makampuni ya Abir na Anversoise yalitawala, lakini kodi hiyo haikuwa jambo la magharibi peke yake. Ripoti ya konsoli Mwingereza Roger Casement ilitoka 1904, na 1908 Ubelgiji ikamnyang’anya mfalme nchi.

Katika biashara hiyo mna somo linalorudi moja kwa moja kwenye matela. Mpira wa pori mara nyingi ulifika Ulaya ukiwa na mchanga, magome na maji ndani. Wanunuzi walijua, na hawakutegemea neno la mtu. Donge lilipasuliwa, likaangaliwa moyo wake, likapimwa, ndipo bei ikatajwa. Kwenye posta ya porini, mwanakijiji aliyelileta donge hilo alikuwa hana haki hata ya kusoma mizani. Wakala alisema “ni pungufu”, na neno lake likawa hukumu. Kati ya pori na kiwanda, aliyekuwa na nguvu ndiye aliyeruhusiwa kufungua na kutazama. Leo matela inarudi kwa njia ileile, imefungwa, na mnunuzi wa Salamabila yuko mahali pa yule mwanakijiji.

Mpira ulifikaje ndani ya matela? Kunako 1929, wataalamu wa kampuni ya Dunlop huko Birmingham, Uingereza, walipiga maziwa ya mpira mpaka yakatoa povu, kama mtu anavyopiga mayai ya keki. Inasimuliwa hata kwamba mashine ya kwanza ilikuwa ile ya jikoni. Povu lilimwagwa katika umbo, likapikwa, likawa kitu laini chenye matundu madogo, kinachobonyea na kurudi. Njia hiyo mpaka leo inaitwa Dunlop. Baadaye ikaja nyingine inayoitwa Talalay, ambayo hugandisha povu kwa baridi kali mbele ya kulipika. Mpira wenyewe ulikuwa umekwisha kuhama: mbegu za mti wa Hevea zilichukuliwa Brazili 1876 na Mwingereza Wickham, miche ikapelekwa Asia, na mashamba ya Malaya na majirani zake yakauzima mpira wa pori wa Kongo sokoni.

Uliwaka tena kwa muda mfupi. Singapore ilipoangukia mikononi mwa Wajapani Februari 1942, nchi zinazopigana na Ujerumani zilikosa mpira, na serikali ya Kongo ya Kibelgiji ikawarudisha watu porini. Mwaka huohuo siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Maniema ilikuwa tayari inajua kazi ya lazima ya pamba, iliyoanza 1917, na jimbo hili lilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuipanda. Kwa hiyo vitu viwili vilivyojaza matela bora za dunia, pamba na mpira, vyote vilipita katika mikono ya wazee wa Kasongo na Kabambare, na wao wakabaki na mkeka.

Vita ileile ilizaa jambo la pili, ambalo ndilo linamsumbua mnunuzi wa leo. Wamarekani, kwa kukosa Malaya, walijenga viwanda vya kutengeneza mpira kutoka mafuta ya petroli. Tangu hapo “latex” ikawa neno la vitu viwili: maziwa ya mti, na maziwa ya kiwanda yanayofanana nayo. Kuna pia mchanganyiko wa yote mawili. Vyote vitatu huuzwa kwa jina moja, na hakuna uongo wa waziwazi ndani yake. Kuna kunyamaza tu.

Halafu ikaja sponji. Mjerumani Otto Bayer wa Leverkusen alivumbua 1937 kitu kinachoitwa poliyuretani, na katika miaka ya 1950 viwanda vikajua kukifanya laini. Hii ndiyo ile mousse ya wauzaji wa Bukavu, na ndiyo iliyo ndani ya matela karibu zote za bei ya kawaida Afrika ya Mashariki na ya Kati. Hakuna hata tone la mti ndani yake. Lakini kwa sababu inabonyea na kurudi, jina la mpira likaihamia.

Isidharauliwe. Matela ya sponji ni nyepesi, na kwa watu waliokimbia mapigano ya kandokando ya Salamabila mwaka wa 2018 na miaka iliyofuata, wepesi ulikuwa mambo ya uhai. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuibeba kichwani. Inakunjwa, inafungwa kwa kamba, inapanda baiskeli juu ya sufuria. Matela ya latex ya kweli haikimbii na mtu. Hesabu yake ni rahisi: matela ya meta 1.90 kwa 1.40, unene sentimeta 20, ina ujazo wa meta 0.53 hivi. Latex kwa kawaida ina uzito wa kilo 60 hadi 90 kwa kila meta ya ujazo. Tukichukua 70, matela hiyo inafika kilo 37. Sponji nzuri ya kilo 28 kwa meta ya ujazo inafanya kilo 15. Sponji hafifu ya kilo 16 inafanya kilo 8 na nusu, na ndiyo itakayobaki na shimo katikati, mahali pa kiuno, mbele ya mwaka kuisha.

Kwa hiyo mtu akiambiwa “latex” na mkono mmoja unainua matela ya watu wawili, jibu amekwisha kulipata bila kuuliza mtu. Inachekesha kidogo kwamba jambo hili liandikwe katika mji wa dhahabu. Dhahabu ya Namoya ilikuwa inachimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Kampuni Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo 2016, na kazi ikasimama 2019 kwa ajili ya ukosefu wa usalama. Salamabila nzima inaishi na mizani. Hakuna mchimbaji atakayetoa chembe yake bila kuitazama ikipimwa. Mchimbaji huyohuyo anatoa pesa ya matela kwa kuibonyeza mara mbili na kidole gumba.

Mizani, hata hivyo, haimalizi neno. Viwanda vingine huongeza unga wa chokaa ndani ya sponji ao ndani ya latex ili uzito upande. Kuna matela nyingine zinazotengenezwa kwa vipande vya mabaki vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi; ni nzito, pengine ngumu na zinazodumu, ila ni kitu kingine tena. Hapa ndipo mnunuzi anapofika mwisho wa macho na mikono yake. Anayejua ni mtengenezaji peke yake, na lazima aulizwe.

Kuuliza nako kuna historia yake. Kongo, wakati huo Zaire, iliunda Ofisi ya Udhibiti, OCC, mwezi wa kwanza wa 1974, ili bidhaa zinazoingia na zinazotoka zikaguliwe. Uganda ina UNBS, Kenya ina KEBS. Zote mbili zina viwango vya matela ya sponji, na wakaguzi wa UNBS wamepata kukamata matela zisizotimiza kiwango. Ulaya kuna alama ya Oeko-Tex tangu 1992. Alama hiyo inathibitisha kwamba bidhaa imepimwa na haina vitu vya sumu kupita kipimo. Haisemi kwamba mpira ni wa mti. Latex ya petroli inaweza kuipata vizuri kabisa. Alama ya GOLS, iliyoanza 2012, ndiyo inayodai asilimia 95 ya latex iwe ya shamba lililokaguliwa, lisilotumia dawa za kiwanda. Mtu anayeona alama moja akafikiri amehakikishiwa zote mbili amejidanganya mwenyewe, na matangazo mengi yanamsaidia ajidanganye.

Hata mnunuzi wa nchi tajiri hudanganyika. Katika 2013 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, ilifikia maelewano na makampuni matatu ya matela. Walikuwa wametangaza kwamba bidhaa zao hazitoi hewa yenye kemikali, na mmoja wao kwamba matela yake ni ya vitu vya asili vitupu, bila ushahidi wa kisayansi wa kutosha. Waliamriwa wasirudie maneno hayo pasipo ushahidi. Ikiwa mnunuzi mwenye intaneti, sheria na mahakama alihitaji serikali imsaidie, mama wa Kabambare mwenye simu ya vibonyezo anastahili angalau orodha fupi ya maswali.

Swali la kwanza: ndani ni sponji, latex, ao vipande vilivyogandishwa? Kama ni latex, ni sehemu gani ya mti na sehemu gani ya petroli? “Asilia” peke yake si jibu. Nambari ndiyo jibu. Pili, uzito kwa meta ya ujazo, ile wauzaji wa mjini huita densite, na kama kuna chokaa ndani. Tatu, je, ni tabaka moja tangu juu mpaka chini? Matela nyingine zina sentimeta tatu za latex juu na sponji chini, na tangazo husifu zile tatu. Nne, jina la kiwanda, mji wake na namba ya simu. Matela isiyo na jina la kiwanda haina mtu wa kuulizwa itakapoharibika.

Maswali hayo si ya kumtukana muuzaji wa Salamabila. Yeye naye amenunua kwa kuamini. Lakini ana kitu ambacho mteja hana: namba ya simu ya mtu wa Uvira ao Bukavu aliyempa mzigo, na huyo ana ya mtu wa mbele yake. Wateja watatu wakiuliza siku moja, muuzaji atapiga simu. Wateja watano wakikataa matela isiyo na kibandiko, safari inayofuata ataleta yenye kibandiko. Jibu liandikwe kwenye risiti, kwa kalamu, pamoja na tarehe: “sponji, kilo 25, unene 20”. Muuzaji anayekataa kuandika alichokisema kwa mdomo amejibu tayari. Matela yenye zipu nayo ni bora kuliko iliyoshonwa, sababu inafunguliwa pale pale dukani, mbele ya wote wawili, kama donge la mpira lilivyopasuliwa zamani.

Kuna sababu nyingine ya kutaka kujua, nayo ni moto. Sponji ya poliyuretani huwaka upesi sana, na moshi wake mweusi una gesi ya kaboni na gesi ya sianidi, jina ambalo mji wa dhahabu unalifahamu. Latex nayo inaungua. Pamba inashika polepole zaidi, ikafuka. Katika nyumba ya majani ao hema la plastiki ambamo matela inagusana na mshumaa, moshi unawafikia watoto mbele ya miali. Matela zilizotiwa dawa ya kuchelewesha moto zipo, na kiwanda kinachoitia huliandika hilo kwenye karatasi yake. Kama karatasi haisemi kitu, mtu alale akijua kwamba haikutiwa, taa iwekwe mbali na matela, na matela isisogezwe karibu na mafiga hata usiku wa baridi.

Wanaopokea msaada wa vifaa, ao wanaonunua kwa kuponi kwenye maonyesho ya mashirika, wana haki ileile ya kuuliza. Shirika linalonunua matela mia kwa mara moja huandikiana na mtengenezaji na kupewa karatasi ya maelezo ya kiwanda. Kamati ya wakimbizi wa ndani inaweza kuomba nakala yake, isomwe mbele ya watu kwa Kiswahili, nambari kwa nambari, kabla ya mzigo kufunguliwa.